Heshima ya wapiganaji haipimwi kwa ua la kifuani

Ndugu Mhariri,

Mwanangu anafanya kazi London. Novemba iliyopita alinipigia simu usiku, sauti imemnyongea. Mwenzake kazini alimwambia mbele za watu kuwa hana heshima kwa wapiganaji, kisa hakuvaa lile ua jekundu la mpopi ambalo Waingereza hulibandika kifuani kuelekea tarehe 11, siku Vita vya Kwanza vya Dunia viliposimama mwaka 1918. "Baba, kweli nimewakosea adabu?"

Nilimwambia hapana.

Anayelivaa simdharau. Tangu 1921 fedha za maua yale husaidia wanajeshi wastaafu na familia zao, na hilo ni jambo la kheri. Lakini mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote pa kumbukumbu, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Wamo wapagazi, wale wale walioiachia Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake. Miaka mia maua yamevaliwa, na mpagazi hata jina hana!

Tusiwaseme wa mbali tu. Ami yangu, mzaliwa wa Wete, alikwenda Vita vya Kagera. Alirudi sikio moja halisikii, mizinga imelimaliza. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, sisi huangalia kwenye televisheni mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, tukasema Mungu awarehemu, basi. Mwaka jana nilimpeleka kutibiwa. Nilipotoka kumtafutia maji, jina lake likaitwa mara tatu, hakusikia, akarudishwa nyuma ya foleni na mkongojo wake. Hakuna aliyemuuliza sikio lina nini. Medali yake ameitia ndani ya kopo la maziwa pamoja na funguo kuukuu. Hata angeivaa siku ile, sidhani kama yupo ambaye angeitambua.

Nami najilaumu. Nimekaa naye nyumba moja miaka chungu nzima, na sikuwahi kumuuliza habari za Kagera mpaka mwanangu aliponipigia simu. Usiku ule nilikaa naye barazani. Alinitajia vijana wa Pemba aliokuwa nao kikosi kimoja ambao hawakurudi, mmoja mmoja, kwa jina la baba na kijiji. Wengine alinyamaza kwanza, ndipo akawataja.

Nimewaandika kwenye daftari la skuli: watu 7. Nawaomba masheha wa Unguja na Pemba wawakalishe wazee wa namna hii na kuwauliza, maana ami yangu kuna majina mawili yameshampotea. Hao 7 tutawasomea khitma Ijumaa hii, In Shaa Allah.

Msomaji wako,
Wete, Pemba