Barua kwa Salim: ile manowari Centurion

Salim sahibu yangu,

Vipi huko baharini? Huku Tanga sote wazima, mama anakusalimia sana. Ile video ya kwenye briji uliyonitumia, unanionyesha kile kidoti cha meli yenu kwenye skrini ya jipiesi, nimeirudia mara nyingi, maana siku hizi nasoma habari za manowari moja ya Waingereza, Centurion, na yani haitoki kichwani, ngoja nikupe.

Meli ya mizinga 60, ilishushwa majini Portsmouth mwaka 1732. Mwaka 1736 alipanda seremala mmoja, John Harrison, na saa yake aliyoiunda mwenyewe, lidude la kilo kama 34 hivi, likawekwa kebini ya kapteni wakaenda nalo Lisbon, Ureno. Wakati ule latitudo (uko kaskazini au kusini kiasi gani) walikuwa wanaipata kwa jua ila longitudo (uko mashariki au magharibi kiasi gani) ni kukadiria tu, unatupa kibao nyuma ya meli kimefungwa kamba ya mafundo, unahesabu mafundo yanayokupita mkononi kwa muda maalumu, ndo unajua mwendo wako, na mkondo ukikusukuma huna habari. Harrison alitaka saa imalize hilo, maana ukijua saa ya nyumbani ni ngapi ukalinganisha na saa ya jua pale ulipo, tofauti ndo inakupa longitudo. Wakati wa kurudi, kwenye meli nyingine, saa ikaonyesha wakubwa wa meli wamekosea kama maili 60 hivi, na kweli saa ndo ilikuwa sahihi.

Sasa sikiliza. Miaka minne tu baadaye, Septemba 1740, Centurion ileile ikatumwa Pasifiki, ikiongozwa na Komodoo Anson, mkuu wa kikosi cha meli, kuwapiga Wahispania, na saa haikuwemo!! Askari walikuwa hawatoshi wakaletewa wazee na majeruhi wa hospitali ya wanajeshi Chelsea, waliotakiwa ni 500, wenye miguu ya kutoroka wakatoroka, waliobaki 259 wakapakiwa. Wengine wameshapita miaka 70 Salim, umri wa babu zetu.

Kule Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, wakapigwa na dhoruba wiki na wiki. Wakadhani wameshapita mbali magharibi, usiku mmoja wa Aprili 1741 mbalamwezi ikawaonyesha nchi kavu mbele yao, mkondo ulikuwa umewarudisha mamia ya maili bila wao kujua. Na kiseyeye kimeshaingia, ule ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Fizi zinavimba zinaoza, mtu anajaribu kuinuka kitandani anaanguka amekufa. Kuna mzee mmoja alijeruhiwa vitani Ireland mwaka 1690, kidonda kimepona miaka 50, kikafunguka tena kibichi kama hakijawahi kupona. Hapo niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Dawa yao ilikuwa kisiwa cha Juan Fernández huko Pasifiki, kina maji na mboga. Mwishoni mwa Mei wakafika kwenye latitudo yake hasa, ila kipo mashariki au magharibi? Hakuna anayejua. Wakaenda magharibi, Anson akaingiwa na wasiwasi akageuza mashariki mpaka wakaona pwani ya Chile, kumbe kisiwa wamekiacha nyuma walipokuwa wamekikaribia kabisa, ikabidi wageuze tena. Wamefika Juni 9. Kwenye huko kwenda na kurudi walikufa watu kati ya 70 na 80. Sijui wewe unaionaje lakini mimi inaniuma, staha zilezile za mbao ndo zilizobeba jibu mwaka 1736.

Watu wengi wakiisimulia hii safari wanataja hela tu, ile meli ya Wahispania, Covadonga, waliyoiteka Juni 1743 ina sarafu za fedha zaidi ya milioni 1.3, mikokoteni 32 ikapita London watu wanashangilia. Sawa, ilikuwa hivyo. Ila wale wazee wa Chelsea wengi wao hawakurudi.

Kitu kimoja nakipenda. Pale Juan Fernández, watu bado wanazikwa kila siku, Anson alipanda mbegu za karoti na saladi na kokwa za matunda, ili mabaharia watakaokuja nyuma wakute cha kula.

Wewe mwambie mpishi wenu ndimu zisikosekane, nasema kweli. Na ukifika bandari ya mbele nitumie lokesheni, mama ananiuliza kila siku uko wapi.

Ndugu yako,
Hamisi