Kwa vijana mashabiki wa Coastal Union, timu yetu ya mpira ya Tanga, kabla ya msimu kuanza

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na mlio mbali na Tanga ambao siku ya mechi mnahangaika kutafuta matokeo. Ligi inakaribia, na tayari nasikia wengine wakisema mwaka huu tunashuka, wengine wakidai ubingwa. Mimi mzee wenu nina ombi jingine.

Ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara tuliuchukua 1988, na hatujaurudia. Sisi tuliouona tumewalea kwa hadithi za mwaka ule mpaka kila kikosi kinachosajiliwa kinaonekana kina deni. Waondoleeni wachezaji mzigo huo. Fedha zetu hazikaribii za Simba, Yanga wala Azam, na ligi ya siku hizi inataka fedha. Kumbukeni pia 2016, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za Tanga, ziliposhuka daraja msimu mmoja. Tukakaa nje ya Ligi Kuu mpaka msimu wa 2018/19. Aliyeipitia miaka ile haidharau nafasi ya nane.

Linaloniuma haliko kwenye msimamo wa ligi. Simba au Yanga wakija Mkwakwani, uwanja unajaa, na nusu ya waliojaa ni watoto wa Tanga waliovaa jezi za mgeni, wanashangilia Coastal ikifungwa. Mkiulizwa mnajibu, "Mzee, Coastal ya nyumbani, ile nyingine ya moyoni." Basi nani aishangilie hii ya nyumbani kwa moyo? Watu wa Mbeya? Wiki inayofuata tunacheza na timu isiyo na jina kubwa, majukwaa matupu, na kijana wa miaka 19 anakosa pasi moja anazomewa na watu wachache waliokuja. Hapo ndipo tunapoipoteza timu.

Maana vipaji tunavyo, wanangu. Tarehe 2 Julai 2022, fainali ya Kombe la FA, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Yanga ile ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi bila kupoteza mchezo. Sisi tukatoka nayo 3-3, na mabao yetu yote matatu alifunga mtu mmoja, Abdul Suleiman Sopu. Tulishindwa kwa penalti tu. Baada ya pale Sopu akaenda Azam, kama Bakari Mwamnyeto alivyokwenda Yanga 2020. Msiwalaani wanaoondoka, wana familia na mpira una umri mfupi. Ulizeni nani anaandaliwa nyuma yao, na fedha ya mauzo inajenga nini. Sisemi kuna aliyeila. Nasema swali hilo linaulizwa kwenye mkutano wa wanachama, na mwenye kadi hai ndiye anayejibiwa. Wengi wenu kadi hamna.

Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa nne, tukacheza Kombe la Shirikisho Afrika, tukatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Niliwasikia mkisema ni aibu. Mimi nilifurahi kuiona Coastal ikirudi Afrika, na bado nafurahi.

Matumaini yangu kwa msimu huu ni haya tu: tusiwe kwenye hesabu za kushuka ikifika Aprili, na vijana wawili watatu wa hapahapa wapate namba ya kudumu. Kocha akipoteza mechi za mwanzo, mwacheni amalize mzunguko wa kwanza. Kila mara tunapobadilisha benchi katikati ya msimu, wachezaji wanaanza kujifunza upya huku pointi zinakwenda.

Na mechi ya kwanza ya nyumbani, awe mpinzani yeyote, lipeni kiingilio, vaeni nyekundu na nyeupe, mwingie mapema. Nitakuwa jukwaani. Njooni tukae pamoja.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga