Barua kwa rafiki aliyeacha kwenda ibadani

Marangu, Kilimanjaro

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipokea, nami namshukuru Mungu kusikia kwamba wewe na watoto hamjambo huko Dar es Salaam. Jambo moja tu limenikaa moyoni, nalo ni lile uliloandika kwamba siku hizi Jumapili unasikiliza mahubiri kwenye simu ukiwa nyumbani, wala huoni unachokosa, kwa kuwa Neno ni lile lile.

Ni kweli kwamba Neno ni lile lile, na huenda wahubiri unaowasikiliza ni wafasaha kuliko mwinjilisti wa mtaa wetu. Lakini mahubiri ni sehemu moja tu ya ibada. Kwenye simu hakuna Meza ya Bwana, hakuna maungamo tunayoyatamka kwa sauti moja na yule tuliyekosana naye juzi, wala hakuna mtu atakayegundua kwamba leo hukuja. Hilo la mwisho naliona zito kuliko yote.

Mnamo mwaka 155 hivi, Yustino Shahidi, mwalimu Mkristo aliyeishi Roma, alimwandikia Kaisari Antonino Pio kumweleza wanachofanya Wakristo siku ya Jumapili. Alisema kwamba wakaao mijini na mashambani hukusanyika mahali pamoja, husomewa maandiko ya mitume na manabii, huomba, hushiriki mkate na divai, kisha mashemasi huwapelekea wasiokuwapo sehemu yao. Na matoleo ya wenye uwezo huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Huwezi kumpelekea mtu sehemu yake usipojua kwamba hayupo, na huwezi kujua kwamba hayupo kama hukuzoea kumwona. Ndivyo ilivyo hata leo kwetu: mzee wa kanisa akiona bibi fulani hakuja Jumapili mbili, jumuiya hupita kwake kumjulia hali, na akiwa mgonjwa mchungaji humpelekea Chakula cha Bwana kitandani. Wewe ukiugua huko, nani atajua?

Tena usidhani kwamba ni wewe tu unayewahitaji wengine. Yule kijana aliyetoka kipaimara mwaka huu anahitaji kuona mtu wa umri wako, mwenye kazi na majukumu, akipiga magoti. Mjane aletaye mkungu wa ndizi kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada anahitaji watu wa kuununua. Kwaya haiimbi kwa sauti ya mtu aliyebaki nyumbani.

Umelalamikia michango isiyokwisha na majungu ya washarika. Kuhusu michango sikupingi. Iko mahali inapozidi kiasi, na wazee wa kanisa waambiwe hivyo waziwazi. Kuhusu majungu, soma Luka sura ya nne. Bwana wetu aliingia katika sinagogi la Nazareti siku ya sabato, kama ilivyokuwa desturi yake, na siku hiyo hiyo watu wa sinagogi lile wakamtoa nje ya mji ili wamtupe kutoka ukingo wa kilima. Mistari michache mbele tunamkuta Kapernaumu, akifundisha siku ya sabato. Hakuiacha desturi yake kwa sababu ya ubaya wa waabuduo.

Nawakumbuka pia Wakristo 49 wa Abitinae, katika nchi iitwayo leo Tunisia, waliokamatwa mwaka 304 wakati Kaisari Diokletiano alipokuwa amepiga marufuku mikutano yao. Walipohojiwa huko Karthago, mmoja wao, Emeritus, alijibu kwamba bila ibada ya siku ya Bwana hawawezi. Sisi hatuzuiwi na askari yeyote. Kinachotuzuia mara nyingi ni uchovu wa wiki na foleni ya barabarani.

Najua kwamba kuna Jumapili unapangiwa zamu kazini, na hapo hakuna wa kukulaumu. Uliza kama kuna ibada ya kwanza alfajiri, au ujiunge na jumuiya ya mtaani inayosali katikati ya wiki. Niandikie jina la usharika ulio karibu nawe, nami nitamwomba mchungaji wetu akuandalie barua ya utambulisho, niitume kwa basi kabla ya Jumapili ijayo.

Wasalimie watoto.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako wa tangu darasa la kipaimara