Simu na vichochoro vya Mji Mkongwe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nieleze jambo linalonisumbua, mimi ninayetembeza wageni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Simu janja zimetufaa sana, kwani siku hizi mgeni hunitafuta moja kwa moja akiwa kwao, bila ya dalali kati yetu.

Ila vichochoro vyetu vimebanwa na kuta ndefu za mawe ya matumbawe, na ramani ya simu hupotea humo. Juzi, mtaa wa Kiponda, nilimkuta mgeni akipita mara ya tatu mbele ya mlango uleule wa nakshi, macho yakiwa kwenye kioo, asiuone mnyororo uliochongwa kwenye fremu wala njumu za shaba, ilhali mzee aliyekaa barazani angemwelekeza kwa kidole kimoja.

Linaloniuma zaidi ni picha. Akina mama wanaopumzika barazani na watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani hupigwa picha bila ya kuulizwa, kisha sura zao husambazwa mitandaoni wasikojua. Naziomba mamlaka zinazohusika ziweke vibao bandarini na uwanja wa ndege, kwa lugha za wageni wetu, vikiwataka waombe ruhusa kwanza, nasi watembezaji tuwakumbushe kabla ya kuanza safari.

Wako mtiifu,
Mtembeza wageni,
Zanzibar