Rangi ya unga nayo ina uchafu wake

Mhariri,

Nafanya kazi kwenye karakana ya kupaka mageti na madirisha ya aluminiamu rangi ya unga, yaani unga mkavu unaopulizwa kisha ukaivishwa kwa joto. Tunasifiwa kwamba rangi hii haitumii tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na ni kweli. Lakini jioni tukifagia chumba cha kupulizia, unga uliokosa kushika unajaa ndoo, kisha jalalani! Feni yenye chujio ingeurudisha kwenye bunduki ya kupulizia, mradi rangi zisichanganyike.

Tanuri la kuivishia rangi nalo linafika nyuzi 200, na mlango tunaufungua ovyo, joto likipotea. Upo unga unaoiva kwa nyuzi 150 hivi; matajiri wetu wauulizie. Kinachoniudhi zaidi ni maji ya njano ya kromiamu, dawa yenye sumu, tunayooshea aluminiamu kabla ya kuipaka, yanamwagwa mtaroni. Dawa za zirkoniamu za kutumia badala yake zipo sokoni miaka mingi.

Mpaka rangi,
Keko, Dar es Salaam