Barua ya malalamiko: huduma ya logi inakufa kwenye seva zetu

Idara ya Mifumo,
SACCOS, Mwanjelwa,
Mbeya.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFA KWA HUDUMA YA LOGI MARA KWA MARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangu mafundi wenu wabadilishe mipangilio ya rsyslog, programu inayokusanya na kutuma logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), ili logi zetu zitumwe kwenye seva yenu huko Dar es Salaam, huduma hiyo inakufa kila mtandao unapokatika kwa muda mrefu. Tukipiga simu tunaambiwa iwasheni upya, na kwamba umeme wa Mbeya ndio tatizo.

Umeme hauhusiki. Seva ziko kwenye betri na hifadhidata haijawahi kuzimika. Inayokufa ni rsyslog peke yake. Tumeendesha dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na mstari uko wazi: kerneli imeua mchakato huo baada ya memori kuisha.

Wala siilaumu programu. Fungueni faili mliloweka /etc/rsyslog.d. Foleni ya logi zinazosubiri kutumwa ni ya LinkedList (aina inayokaa kwenye memori), ukubwa wake umepita kiasi, na hamkuweka queue.filename, yaani jina la faili la foleni kwenye diski. Bila hiyo foleni haiwezi kuhamia kwenye diski, inabaki kwenye memori tu. Tena action.resumeRetryCount, idadi ya mara za kujaribu tena, mmeiandika -1 (bila kikomo), kwa hiyo inajaribu kutuma bila kukoma huku logi mpya zikirundikana. Ukiiwasha upya inaanza na memori tupu, unadhani imepona, kumbe kila kilichokuwa kwenye foleni kimepotea.

Hapo ndipo panaponiuma. Mama mmoja, mkulima wa viazi wa Uyole, amefika kaunta na kitabu chake akisema hakutoa fedha ambazo mfumo unaonyesha zimetolewa. Nikatafuta nani aliingia kwenye mfumo na kwa kompyuta ipi. Saa hizo hazimo, kwa sababu nakala ya logi iliyokuwa kwenye seva zetu, ndani ya /var/log, nayo mliiondoa mkisema inajaza diski, wakati logrotate, programu ya kuzungusha na kufuta logi za zamani, ipo kwa kazi hiyo hiyo. Mama yule alikuwa ameweka akiba ya mbegu na mbolea, na mpaka leo sina jibu la kumpa.

Tunataka foleni iwekewe queue.filename na queue.maxDiskSpace (kikomo cha nafasi ya diski), nakala ya /var/log irudishwe, na simu zetu zipokelewe na fundi aliyelisoma faili hilo. Tunataka pia maelezo ya maandishi kuhusu saa zilizopotea, ili Bodi imjibu mwanachama wake. Mhasibu hatalipa ankara ya mwezi huu kabla ya kuyapata.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mifumo