Sindano isitangulie sahani

Mwanangu mpenzi,

Tangu uniambie umepangiwa upasuaji wa goti na kwamba utalazwa siku tatu au nne, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Daktari wa goti namwamini. Ninachokiwaza ni chakula chako, maana wodini chakula cha mgonjwa wa kisukari hupita mikono mingi na kila mmoja hudhani mwenzake amekiangalia.

Hujawahi kulazwa tangu ugundulike kuwa na kisukari. Mimi nimelazwa, na yaliyonikuta mara ile sikukueleza yote kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani. Asubuhi ya pili muuguzi alinipima, akanichoma insulini ya chakula, ile ya kushusha sukari ya mlo, akaendelea na wagonjwa wengine. Kifungua kinywa kilikuwa bado njiani. Kabla hakijafika, akaja kijana na kiti cha magurudumu kunipeleka kupigwa picha ya kifua. Tukakaa kwenye foleni. Huku nyuma trei ikaletwa, ikakuta kitanda kitupu, ikarudishwa jikoni. Nikaanza kutetemeka, jasho likaniloanisha mgongo, nikitaka kusema maneno hayaji. Mama mmoja aliyekaa karibu nami ndiye aliyepiga kelele nikasaidiwa. Nilipopimwa, sukari ilikuwa milimoli 2.8 kwa lita, na wewe unajua kuwa chini ya 3.9 tayari ni hatari.

Muuguzi alikuja kwa saa yake, jikoni walileta kwa saa yao, na yule kijana naye alitumwa. Hakuna aliyewaunganisha. Insulini inayofanya kazi haraka huanza kushusha sukari ndani ya dakika 15 hivi, iwe umekula au hujala. Kwa hiyo mwanangu, akija mtu na sindano ya chakula, muulize kwa heshima: chakula changu kiko wapi? Akikuambia kinakuja, mwombe msubiri hadi ukione mbele yako. Wakija kukuchukua kwa kipimo wakati umeshachomwa, sema hivyo kwa sauti, na usiondoke kabla hujala.

Baada ya dawa ya usingizi huenda ukasikia kichefuchefu. Usijikaze ukasema utakula halafu ukashindwa. Muulize daktari mapema kama insulini ya chakula unaweza kuchomwa mara tu baada ya kula, kwa kadiri ya kile ulichomaliza. Jambo hilo hufanyika, ila lazima liandikwe kwenye faili lako.

Siku ya kwanza tu omba kumwona mtaalamu wa lishe. Mwambie huwa unahesabu gramu za wanga, mpe kiasi unachokula kila mlo na uniti unazojichoma. Usiridhike kwa sababu trei imeandikwa "kisukari". Maneno hayo wakati mwingine yana maana kwamba chai haina sukari, basi, huku sahani imejaa wali na viazi na pembeni kuna juisi. Juisi hata ikiwa ya matunda matupu, ina sukari. Nimeona pia kinyume chake, na hicho kilinitisha zaidi: mgonjwa wa kitanda cha jirani aliletewa mboga na kipande cha nyama, bila wanga wowote, na insulini akachomwa ile ile ya kila siku. Unachotaka ni wanga wa kiasi kinachofanana mlo kwa mlo, ili dozi iendane nao.

Usiku wa kuamkia upasuaji utaambiwa usile. Hapo nakuomba unisikilize sana. Ile insulini ya muda mrefu usiiache kwa uamuzi wako eti kwa kuwa huli. Wewe una kisukari cha aina ya kwanza, na mwili wako ukikosa insulini kabisa hutengeneza ketoni, yaani asidi za hatari kwenye damu, hata tumbo likiwa tupu. Daktari anaweza kupunguza dozi, na yeye ndiye wa kusema kwa kiasi gani. Mwombe akuweke wa mwanzo asubuhi ili usikae na njaa muda mrefu, na umuulize ni nani atakayekupima wakati unasubiri.

Ukiona sukari iko juu kuliko ya nyumbani, usijinyime chakula. Maumivu, kulala tu kitandani, na baadhi ya dawa, hasa steroidi, zile za kupunguza uvimbe, huipandisha. Kwa wagonjwa wengi waliolazwa, madaktari hulenga sukari isizidi 10, kwa hiyo ukiona 9 usihangaike.

Nitakufungia vidonge vya glukosi, uviweke mahali mkono unafika ukiwa umelala, maana goti halitakuruhusu kuinuka. Ukijisikia vibaya, bonyeza kengele, pimwa, na sukari ikiwa chini kula gramu 15 za glukosi, upimwe tena baada ya dakika 15. Kisha muuguzi aandike. Hata chakula atakachokuletea shangazi yako kitaje kwa muuguzi kabla hujakigusa, la sivyo watashangaa namba zimepanda na kukuongezea dozi bila kujua sababu.

Nilikulea usiwasumbue watu, na umekuwa mtoto mpole kupita kiasi. Mtu akivaa koti jeupe unanyamaza. Kwa siku hizo nne nakuruhusu usumbue. Uliza mara mbili, uliza mara tatu, mimi mama yako ndiye niliyekutuma.

Wakishakupa kitanda, niandikie namba ya wodi na saa wanayoleta chakula cha mchana. Nataka kuwa nimeshakaa pembeni yako kabla trei haijaingia.

Mama yako